Mbambu Amepumzika

Ukitaka kumtesa Medius wa Bwera, usimfunge kamba wala usimnyime chakula. Mwambie tu akae chini.

Ni fundi wa kushona, umri wake miaka arobaini na miwili, na kibanda chake kiko kando ya barabara inayoteremka kwenda mpakani Mpondwe. Ana cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu na mdomo usiojua likizo. Alizaliwa mtoto wa kike wa nne, na kwa kuwa Wakonzo huwaita watoto kwa kufuata zamu ya kuzaliwa, yeye ni Mbambu, kama walivyo akina Mbambu wengine wasio na idadi katika soko lile. Lakini ukisema "Mbambu anayekimbia", hakuna anayekuuliza ni yupi.

Mwaka jana alisimama kanisani, wakati wa matangazo, akasema atakimbia kutoka daraja la mto Lhubiriha mpaka mlangoni kwa mama yake mjini Kasese. Kilomita hamsini na ushei. Hapakuwa na mashindano wala zawadi, wala hakuwa amemkosea mtu hata apewe adhabu ya namna hiyo. Mchungaji alimwombea, ila kwa sauti ya mtu anayemwombea mgonjwa.

Chanzo chake kilikuwa chumvi. Mama yake, Vasta, alipokuwa bado na nguvu alibeba chumvi kichwani kutoka ziwa la Katwe hadi milimani Kyarumba, siku mbili njiani, na Medius mwenyewe alizaliwa katika safari moja ya hizo. Mama alitua mzigo, akazaa kando ya njia, kesho yake akatwishwa tena. Medius alilelewa na habari hiyo. Akilalamika kwamba maji ni mbali, ataambiwa chumvi. Akisema jembe ni zito, chumvi. Dada zake watatu waliizoea wakaiacha ipite. Yeye ilimkaa kooni, na alipofika utu uzima akaona dawa ni moja tu: naye awe na safari yake, aimalize kwa miguu yake, mama aione angali hai.

Basi mwaka jana alijifua bila kupumua. Hata siku ya mwisho kabisa kabla ya safari, ndiyo, alikimbia mpaka Kinyamaseke na kurudi, eti ahakikishe miguu haijasahau. Kesho yake alipofika njia panda ya Kikorongo alikaa juu ya jiwe afunge kamba ya kiatu. Kamba ikafungwa. Miguu ikakataa. Akainuliwa na wapita njia, akapakiwa kwenye bodaboda, akafikishwa Kasese kama gunia. Mama Vasta alimfuta vumbi miguuni kwa pindo la kitenge chake, akamwambia, "Pole, mwanangu." Hakusema zaidi. Pole ile ilimuuma Medius kuliko malengelenge. Sokoni nako, wanawake hawana dogo: tangu siku ile wakamwita Mama Kikorongo.

Kwa hiyo mwaka huu hakutangaza popote. Alivuka barabara akamwendea Tsongo.

Tsongo alikuwa askari mstaafu mwenye kutengeneza baiskeli. Jeshini alikuwa mkimbiaji wa kikosi chake, na mpaka leo hutembea kama mtu anayekaguliwa. Watu wote humwita Afande. Nyumbani huongea Kikonzo kama sisi wengine, lakini akitaka kutoa amri hurudi kwenye Kiswahili cha kambini, na kwa Medius alikuwa na amri nyingi. Alimchorea ratiba nyuma ya kalenda ya zamani, wakaitundika kibandani karibu na futi ya kupimia. Wiki kumi zilikuwa za kazi. Wiki mbili za mwisho zilikuwa na neno moja kwa wino mwekundu, limerudiwa kila siku: PUMZIKA.

"Hii ni makosa," Medius alisema siku ya kwanza ya wino mwekundu. "Afande, wiki mbili nzima? Nitaota mizizi."

"Mama, hapana bishana. Mwaka jana nani alikufundisha?"

"Mimi mwenyewe."

"Na alikufikisha wapi?"

Medius akageukia cherehani yake. Jina la mahali pale hakulitamka kwa hiari.

"Dakika ishirini tu kila asubuhi, polepole. Ingine yote ni kukaa. Legeza!" Afande akapiga kisigino chini. "Unajua legeza ni nini? Kwa paredi, askari analegeza mwili. Lakini hapana toka kwa mstari. Sawa?"

"Sawa," akasema Medius, bila kuelewa chochote.

Siku ya pili alishona mapazia ya nyumba nzima. Siku ya tatu alishona sare za kwaya zilizokuwa zinatakiwa mwezi ujao, na siku ya nne akaanza kufumua nguo zake mwenyewe ili apate cha kushona. Miguu iliyozoea barabara ilikuwa imegundua kanyagio la cherehani, ikalikanyaga mpaka mkanda ukatoa harufu ya kuungua. Afande akasikia mlio ule kutoka ng'ambo ya barabara. Akavuka, akaondoa mkanda wa cherehani, akautia mfukoni, akarudi kwenye baiskeli zake.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Goti la kushoto, ambalo halikuwahi kumsumbua tangu aumbwe, lilianza kuuma akiwa amekaa. Kisha likaacha, likauma la kulia. Alijipapasa mapaja akayaona yamelegea. Alijiona ananenepa tangu asubuhi hadi jioni. Akisikia mtu anakimbia nje, hata kama ni mtu anayefukuza mbuzi, moyo ulimruka kwa wivu. Usiku alilala akipiga mateke, na mchana alikaribia kuwapiga mateke wateja. Alimfokea mwanamke aliyeleta gauni la kupunguzwa, kisha akamfuata njiani kumwomba radhi, na kwa kuwa alikuwa amemfuata njiani akaona heri amfuate mbali kidogo.

Alibuni safari. Maji ya bomba la karibu yakawa hayana ladha, ikabidi aende kuchota ya bomba la mbali, juu kilimani, mara nne kwa siku. Chumvi ya jikoni ilikwisha kila baada ya saa mbili. Siku ya sita aliamka mapema akaiba kilomita nane kwenye njia ya nyuma, kati ya mashamba ya kahawa, akarudi na kuoga haraka, akakaa mlangoni na sufuria ya maharage ya kupukuchua kama bibi harusi.

Afande alikuja saa mbili, akainama barabarani, akaangalia ardhi.

"Kiatu chako cha kulia imelika upande wa ndani," alisema. "Nimeona alama yake mpaka kule kwa shamba ya kahawa. Leta viatu."

"Afande!"

"Leta. Na simu pia, hiyo yenye kuhesabu hatua. Nilikuona jana unazunguka meza na simu mkononi."

Ilikuwa kweli. Alizunguka meza ya kukatia nguo hatua elfu tatu. Alitoa viatu, akatoa simu, na machozi yakamlenga kwa hasira, mwanamke mzima. Viatu vikatundikwa kwa Afande juu, katikati ya matairi, mahali Medius anapoviona lakini havifikii. Simu ikazimwa ikatiwa droo ya misumari.

Nisimcheke sana. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Mwaka jana alishindwa akiwa amefanya kila kitu, sasa alikuwa anaambiwa atashinda kwa kutofanya. Na mama alikuwa amezidi kuzeeka. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na kwa miaka miwili hakuwa ametoka nje ya ua wa Musoki, dada mkubwa, anayekaa naye Kasese. Medius alijua kwamba mama hatangoja miaka mingi ili aione safari hiyo. Akishindwa tena, ile pole ya mwaka jana ndiyo itakuwa neno la mwisho baina yao kuhusu miguu yake.

Sasa tumlete Célestin, maana bila yeye mambo yangekwenda sawa.

Célestin ni Mkongomani wa Butembo, Mkatoliki wa kuvaa rozari shingoni, muuza vitenge anayevuka daraja kila siku ya soko na pikipiki yake. Alizoea kumwona Medius akipita mbio alfajiri na kumpigia honi. Siku ya nane ya wino mwekundu, Jumanne ya soko, alisimama kwa Afande kutia upepo kwenye gurudumu.

"Afande, ile mama Mbambu iko wapi? Siku mingi simuone tena pa barabara."

Jua lilikuwa kali. Afande alivua kofia yake ajifute jasho, akaishika kifuani, akaangalia chini kwenye gurudumu.

"Mbambu amepumzika," alisema.

Célestin akaduwaa. Akainua macho akaona viatu vya Medius vimetundikwa juu, vimefungwa kamba, havina mtu.

"Tangu lini?"

"Wiki imepita."

"Yesu Maria! Alikuwa na nguvu namna ile! Alisumbuka sana?"

"Sana," Afande akajibu kwa uchungu wa kweli, akikumbuka cherehani. "Mpaka nilichukua kila kitu yake. Sasa iko kimya."

Kwa askari, kupumzika ni kupumzika. Lakini ng'ambo ya daraja, padri akisimama altareni akasema fulani amepumzika, watu huanza kutafuta majembe ya kuchimbia. Célestin alipiga ishara ya msalaba, akampa Afande mkono kwa mikono miwili, na Afande akashangaa jinsi Wakongomani wanavyothamini upepo wa gurudumu.

Célestin ana moyo mzuri, na hilo ndilo lililoharibu zaidi. Aliwaambia wauza vitenge. Wauza vitenge waliwaambia wanawake wa Kyarumba walioleta kahawa, nao wakapanda na habari mlimani. Célestin mwenyewe alikuwa na namba ya Musoki, maana huwa anamuuzia vitenge, akakaa siku nzima akijipa moyo. Alhamisi asubuhi akampigia kumpa rambirambi. Musoki alijaribu simu ya mdogo wake mara moja, mara ya pili, mara ya kumi na saba. Imezimwa. Ukishaambiwa mtu amekufa, simu iliyozimwa ni shahidi tosha.

Asubuhi hiyohiyo Medius alikuwa mlangoni, kwenye kiti, amekaa. Kwa mara ya kwanza tangu wino mwekundu uanze alikuwa amekaa kweli, bila hila, amechoka kubishana. Akaona wanawake tisa wa Kyarumba wanashuka barabarani, vitenge vimefungwa viunoni, kuni na maharage vichwani, kama watu wanaokwenda msibani. Alijiuliza nani amefariki. Alikuwa anainuka aende naye kutoa pole, wa mbele akamwona, akapiga yowe, mzigo wa kuni ukaanguka katikati ya barabara.

"Amekaa!" mwanamke alipiga kelele. "Maiti amekaa!"

Ilichukua muda. Wengine walikimbia, wengine walimshika mashavu, mmoja alimfinya mkono mpaka akamtukana, na tusi lile ndilo lililowathibitishia kwamba ni mzima. Mmoja wao alinung'unika kwamba tangu zamani Medius hajawahi kuonekana amekaa, hivyo walikuwa na haki ya kuogopa. Kicheko kikaanza. Medius naye alicheka mpaka akashika mlango, kisha akili ikamjia na kicheko kikamkauka.

"Nani mwingine ameambiwa?"

Afande alikuwa ameshavuka barabara, simu ya Medius mkononi, imewashwa, inalia mfululizo kwa ujumbe unaoingia. Medius akampigia Musoki.

Musoki aliposikia sauti alipiga kelele, akamwita shetani, akalia, akamwita mdogo wangu. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Mbambu, mama hayupo. Nilimwacha amekaa kitandani, nikaenda kutafuta gari la kutuleta kukuzika. Nimerudi, hayupo. Fimbo haipo. Na shuka jeupe ulilomshonea halipo."

Medius alishusha simu. Alimgeukia Afande.

"Viatu vyangu."

"Mama, sikiliza—"

"Viatu vyangu, Afande! Mama yuko barabarani!"

"Kilomita hamsini unakimbia leo? Na saa ngapi utafika? Panda pikipiki!" Afande alifoka, kisha akavua kofia. "Kosa ni yangu. Hii mdomo yangu."

Célestin alikuwa amefika kuzika, amejitokeza nyuma ya umati, na alipomwona marehemu wake amesimama miguu mitupu alishika rozari kwa mikono yote miwili.

"Pardon, mama. Mimi nilisikia: amepumuzika. Kwetu mutu akipumuzika, ni kusema iko kwa Mungu. Pardon. Panda, tuende. Nitakupeleka mbio."

Alimpeleka mbio. Kinyamaseke ikapita, Kikorongo ikapita na jiwe lake, na Medius hakuliangalia. Miguu ilimcheza kwenye vyuma vya pikipiki kama bado anakanyaga cherehani. Aliangalia kila mzee aliyetembea kando ya barabara, kila mtu mwenye fimbo. Alikuwa anasali na kulaani kwa pumzi moja.

Walimkuta kilomita saba nje ya mji wa Kasese, upande wa Muhokya. Mama Vasta, wa miaka themanini, aliyekuwa hatoki uani, alikuwa anakuja peke yake pembeni mwa lami, fimbo mkononi. Kichwani alikuwa na ngata aliyoisokota kwa kitambaa, na juu ya ngata lilikaa shuka jeupe, limekunjwa vizuri kwa pembe nne. Alikuwa anakwenda Bwera kumvisha mwanawe. Bodaboda mbili zilikuwa zimesimama kumbeba, akazikataa.

Medius aliruka kabla pikipiki haijasimama. "Mama!"

Mama alisimama. Macho yenye ukungu yalimtafuta. Hakukimbia kumkumbatia, hakulia. Aliegemea fimbo, akajishusha taratibu mpaka akamfikia miguu, akaipapasa. Kucha za vidole vya Medius zilikuwa nyeusi, kidole kidogo cha kulia hakina kucha kabisa.

"Ndiyo hii," mama akasema kwa Kikonzo chake cha mlimani. "Miguu mibaya hivi siwezi kuikosea."

Hapo ndipo akalia. Wakalia wote watatu, Célestin zaidi ya wenye msiba.

"Wamesema umepumzika," mama akasema alipotulia.

"Nimepumzika, mama. Lakini nimepumzika tu, kwa ajili ya mbio."

"Unapumzika ili ukimbie?"

"Afande anasema hivyo."

Mama alifikiri. "Ana akili, huyo. Mjinga, lakini ana akili."

Célestin akageuza pikipiki, akafuta kiti kwa mkono wa shati. Mama akakataa. Alisema ametoka kwa miguu, atarudi kwa miguu, na kwamba mtu akishatoka nyumbani kwenda kuzika hawezi kurudi amebebwa kama maiti mwenyewe. Ukimjua Medius, huna haja ya kuuliza ukaidi wake ulitoka wapi. Basi wakatembea, mama na binti, na pikipiki ikiwafuata nyuma ikikohoa.

Ulikuwa mwendo wa polepole kuliko wowote Medius alioutembea tangu ajue kutembea. Nusu saa ya kwanza alitamani kupiga mayowe. Alitangulia hatua tatu, akarudi, akatangulia tena.

"Unatoka jasho," mama akamwambia bila kumwangalia.

"Jua, mama."

"Si jua. Ni haraka. Sisi tulipotoka Katwe, mwenye haraka alijulikana. Jasho linatoka kichwani, linapanda kwenye mzigo, chumvi inayeyuka. Anafika Kyarumba wa kwanza, ana ngata tupu na macho yanamwasha." Alitembea kidogo. "Mbeba chumvi hatoki jasho."

Katika miaka yote ya habari ya chumvi, hilo Medius hakuwahi kuambiwa. Au aliambiwa akiwa anatafuta pa kukimbilia.

Mbele kidogo mama alisimama. Célestin akashusha haraka kigoda alichokuwa amekipakia na vitenge. Mama hakukiangalia. Alisimika fimbo mbele yake, akaweka viganja juu, akaegemeza kidevu kwenye viganja, shuka kichwani, magoti yamelegea. Akafumba macho.

"Mama, kaa."

"Nikikaa nani atanitwisha? Ukiwa na chumvi, hukai. Ukikaa njiani hapainuki mtu. Unasimama hivi, unahesabu mia, unakwenda." Akafumbua jicho moja. "Wewe Kikorongo ulikaa."

"Nilikaa," Medius akasema.

Ile legeza ya Afande ikamwingia hapo, pembeni mwa lami, miguu mitupu, siku ya kumi ya wino mwekundu. Akasimama karibu na mama yake akalegeza magoti. Wakahesabu mia.

Siku nne zilizobaki Medius alikaa. Sitasema alikaa kwa raha, maana ningekuwa mwongo. Goti liliuma lilipotaka, na siku moja alipukuchua maharage ya majirani watatu. Lakini hakuiba hata hatua moja, na Afande alipomrudishia mkanda wa cherehani alishona kwa mwendo ambao mteja angeweza kulala.

Jumanne, kulipoanza kupambazuka, alisimama kwenye daraja la Lhubiriha na viatu vyake miguuni. Afande alikuwa na baiskeli, amebeba maji na ndizi. Célestin alikuwepo, amekatazwa kuongea na mtu yeyote kuhusu jambo lolote.

"Mguu sawa!" Afande akaamuru. Medius akaenda.

Miguu iliyolala wiki mbili ilitaka kuruka. Hiyo ndiyo ilikuwa hatari, nayo ilimwandama njia nzima. Kila kilomita ilimwambia ongeza, una nguvu, ona. Kinyamaseke watu walimpigia makofi, akahisi mwili unachomoka peke yake. Akajipapasa paji la uso. Jasho likizidi, akapunguza. Wapanda baiskeli wenye mikungu ya ndizi walimpita. Mwanamke mwenye beseni kichwani alimpita pia, akamtazama kwa huruma. Medius alikula aibu hiyo akaimeza, maana njaa ya kwenda mbio ilikuwa inamtafuna vibaya zaidi.

Kikorongo alifika karibu saa sita, mapaja yameshakuwa mawe. Alipoiona njia panda, hofu ya mwaka jana ilimpanda yote kwa pamoja. Jiwe lilikuwa palepale. Kando ya jiwe lilikuwapo gari, na Musoki, na mama Vasta juu ya kiti, shuka jeupe mapajani.

"Mama," Medius akasema, pumzi ikimkata, "nipumzike kidogo?"

"Neno hilo," mama akajibu, "usilitamke mbele yangu."

Akamnyooshea fimbo. Medius akaipokea, akaisimika kwenye lami, akaweka viganja juu na kidevu juu ya viganja. Magoti yakataka kukaa. Jiwe lilikuwa hatua mbili tu, na mahali ambapo makalio yake yalikaa mwaka jana alipaona kabisa. Akahesabu. Alipofika sitini alilia. Alipofika mia alirudisha fimbo, akageuka upande wa Kasese, akaondoka bila kuaga.

Gari lilimpita baadaye, mkono wa mama ukitoka dirishani. Alivuka mstari wa ikweta bila kuuona. Baada ya Muhokya hakukimbia tena, alitembea, na kila alipozidiwa alisimama wima, akalegeza, akahesabu, akaenda. Afande alishuka kwenye baiskeli akaikokota nyuma yake kimya, na huyo ni mtu ambaye kunyamaza kwake ni kazi.

Saa kumi jioni kasoro kidogo aliingia uani kwa Musoki. Majirani walikuwa wamejaa, wale wanawake tisa wa Kyarumba wakiwa mbele, maana walisema kuni zao zilikwishabebwa na haziwezi kurudi mlimani bure. Medius hakuwaona. Aliona mlango. Akauwekea kiganja, mbao zenyewe, akasimama hapo amelegea, hajui afanye nini sasa.

Mama Vasta alitoka ndani taratibu. Alikunjua lile shuka la kumvishia, pembe nne, akalitandaza juu ya mkeka kivulini, akalilainisha kwa mkono mpaka mikunjo ikaisha. Kisha akamshika binti yake bega, akamshusha, akamlaza juu yake. Akamvua viatu mwenyewe. Akachukua pindo la shuka akaifuta vumbi ile miguu mibaya, kidole kwa kidole, na safari hii hakusema pole.

"Sasa," akasema, "pumzika."

Célestin, machozi yanamtoka, aliingiza mkono mfukoni kutoa simu awapigie watu wa Butembo habari hiyo njema. Fimbo ya mama Vasta ilimfikia kwenye kifundo cha mkono kabla hajabonyeza namba ya kwanza.